Kasha la kompyuta la kujengea uani: plaiwudi, chuma cha kasha bovu na hewa ya pwani ya Tanga

Mtaani sanduku zima huitwa "sipiyu", ilhali sipiyu, yaani prosesa, ni kile kipande kidogo kilichojificha chini ya feni, juu ya mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Sanduku ni kasha tu. Lakini katika mji kama Tanga kasha lina kauli kubwa juu ya miaka ambayo kompyuta itaishi, kwa sababu mbili: joto na chumvi. Chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 32 kirahisi wakati wa kaskazi, na upepo wa baharini huja na unyevu wenye chumvi unaotafuna bati lolote lililokatwa likaachwa bila rangi. Makasha mengi ya bei nafuu ni bati jembamba, uso wa plastiki uliozibwa, na feni moja ya nyuma inayovuta hewa isiyo na pa kuingilia. Ndiyo maana hapa tunaanza na njia ya hewa, na mbao zinaifuata.

Kasha lenyewe ni la plaiwudi lenye moyo wa chuma, kwa mazabodi ya kipimo kiitwacho mATX, yaani 244 kwa 244. Vipimo vyote ni vya milimita. Mwenye Mini-ITX ya 170 kwa 170 habadili kitu, kwa kuwa mashimo yake ya skrubu yanaangukia palepale pa mATX. Mwenye ATX kamili ya 305 kwa 244 aongeze 61 kwenye kimo cha kila ubao uliosimama.

Kabla ya mbao, tafuta kasha bovu

Kosa linalowapotezea watu wengi wiki nzima ni kutaka kutoboa wenyewe mashimo ya mazabodi, tundu la soketi za nyuma na nafasi za kadi. Tundu la soketi ni 158.75 kwa 44.45, na kile kibati kinachokuja na mazabodi hakisamehe hata nusu milimita. Nafasi za kadi zinapishana kwa 20.32 kutoka kati hadi kati. Ukikosea milimita moja kadi ya grafiki inakaa upande, na siku skrubu ikikazwa kiunganishi chake kinanyanyuka kwenye mazabodi. Usijitie katika kazi hiyo. Nenda kwa mafundi wa kompyuta au wauza vyuma chakavu pale Ngamiani, nunua kasha lililokufa la ATX au mATX, hata kama limepondeka uso. Unachotaka ni vitu vinne tu: sahani ya chuma inayobeba mazabodi, bati la nyuma lenye soketi na nafasi za kadi, kipande chenye tundu la pawasapulai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), na nyaya za swichi pamoja na taa za mbele.

Riveti za makasha haya kwa kawaida ni za 3.2. Weka biti ya 4 katikati ya kichwa cha riveti, zungusha polepole mpaka kichwa kitoke kama pete, kisha sukuma kilichobaki kwa msumari. Usitumie biti kubwa zaidi, maana utapanua shimo la bati na hutakuwa na pa kurudishia riveti. Sahani na bati la soketi viache vimeshikana kama vilivyokuwa kiwandani, kwani ule mraba kati yao, yaani pembe ya nyuzi 90, ndio utajiri wenyewe. Sehemu ya pawasapulai ikate peke yake kwa mkasi wa bati au grenda. Kila kipande kiachie ukingo wa 15 kuzunguka tundu lake, maana ukingo huo ndio utakaolala juu ya mbao. Upande wa sahani ukingo huwa mwembamba zaidi, na unatosha.

Sasa jambo la kufanya siku hiyohiyo. Bati la kasha limepakwa zinki kiwandani, lakini pale mkasi ulipopita zinki haipo, chuma kiko uchi. Kutu huanzia hapo na kutambaa chini ya rangi. Lainisha kingo kwa tupa, futa kwa kitambaa chenye spiriti, paka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kwenye kila ukingo uliokatwa, acha usiku kucha. Usiseme utapaka mwishoni.

Mbao na vifaa

Plaiwudi ya 12, robo ya karatasi, yaani kipande cha 610 kwa 1220. Chagua iliyobana: igonge kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali, ikilia tupu ujue ndani kuna pengo kati ya matabaka, na skrubu itakayoangukia hapo haitashika. Ile plaiwudi nyeusi ya kufungia zege ina gundi inayostahimili maji na inafaa kabisa, ila uso wake haupokei vanishi, utakaa na weusi wake. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, isiingie kwenye kazi hii. Inakatika vizuri na inapendeza ikiwa mpya, lakini unyevu wa masika ukishaingia kwenye ukingo wake inavimba kama mkate kwenye chai na hairudi.

Kwa pambo la mbele tumia mtiki. Mkoa huu una mitiki ya kupandwa kule Longuza, wilaya ya Muheza, na karakana za samani hubakiwa na vipande virefu visivyowafaa. Mtiki una mafuta yake ya asili, hauchezi sana na unyevu. Vumbi lake linawasha koo na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa unapoupasua na unapoupiga msasa.

Vingine: feni mbili za 120 na moja ya 92, bolti za M4 zenye urefu wa 45 vipande 16, za 35 vipande 4, za 20 vipande 10, zote za stenlesi pamoja na nati na washa, nati 4 za M4 zenye makucha ya kupigilia kwenye mbao, skrubu za mbao za 3.5 kwa 35, ishirini na nne. Gundi nyeupe ya mbao. Wavu wa dirisha wa nailoni, nusu mita. Tyubu moja kuukuu ya baiskeli, na katika mji wa baiskeli kama huu hutaikosa. Waya wa kijani na njano wa milimita za mraba 1.5, nusu mita, na vichwa viwili vya pete. Kwa zana unahitaji jigsoo, drili, biti za 2.5, 4, 4.5 na 10, guni, bikari, tupa na msasa wa namba 120 na 240.

Kukata

Mbao ni sita:

Juu na chini: 200 kwa 344, mbili.
Mbele na nyuma: 200 kwa 400, mbili.
Ubavu wa kulia na wa kushoto: 344 kwa 424, mbili.

Zinaenea kwenye kile kipande cha 610 kwa 1220. Weka bavu mbili kwa urefu wake kwenye ukanda wa 344, zinakula 848, na kwenye kilichobaki cha ukanda huo ingiza ubao mmoja wa 200 kwa 344. Ukanda wa pili wa 200 unabeba 400, 400 na 344. Achia 3 za meno ya msumeno kwenye kila mkato.

Kama utapeleka kwenye karakana yenye mashine ya mezani, simama hapohapo na umwombe fundi apasue mbao zenye kipimo kimoja kabla hajagusa kipimo cha mashine. Yaani upana wa 200 kwa mbao nne zote mara moja. Hata mashine ikikosea ikatoa 199, zote nne zitakuwa 199 na kasha litakuwa mraba. Kinachovunja kasha ni mbao nne zilizotofautiana. Kupungua kwa pamoja hakuna madhara.

Kwa jigsoo, uso mzuri wa plaiwudi uangalie chini, kwa sababu meno yanakata yakipanda na yanapasua uso wa juu. Bandika selotepu ya karatasi juu ya mstari kabla ya kukata, itazuia kuchanika.

Ubao wa nyuma

Hapa ndipo kasha la mbao linapoharibika mara nyingi, kwa hiyo nenda polepole. Watu hukata tundu la soketi kwenye plaiwudi, wakaweka bati ndani. Kila kitu kinaonekana sawa mpaka wachomeke kebo ya skrini ya HDMI: plagi inagonga mbao na haifiki, maana soketi imezama 12 ndani. Bati lazima lilale uso wa NJE wa plaiwudi, na mbao ikatwe kupisha.

Weka ubao wa nyuma ukiutazama kwa nje. Pima kutoka ukingo wake wa chini.

Tundu la pawasapulai ni pengo lililo wazi chini: upana 154, kimo 90, katikati ya ubao, likiacha 23 kila upande. Pawasapulai ya ATX ni 150 kwa 86, hivyo itapita ndani ya pengo hilo na uso wake utagusa bati lililo nje, na skrubu zake nne fupi zitafika. Ukikata pengo dogo kuliko pawasapulai yenyewe, itabaki 12 nyuma ya bati na skrubu hazitashika kitu.

Tundu la mazabodi lina umbo la L. Usiliandike kwa rula. Chukua ile sahani iliyoshikana na bati lake, isimamishe juu ya ubao mahali itakapokaa, chini ya mazabodi ikiwa 130 kutoka ukingo wa chini na sahani ikiwa 20 kutoka ukingo wa kushoto, kisha chora kufuata chuma chenyewe. Sehemu ya chini ya L ni pana, ni ya kadi. Sehemu ya juu ni nyembamba, ni ya soketi. Kata kwa kuanzia na shimo la 10 kwenye kila pembe. Kati ya tundu hili na pengo la pawasapulai itabaki mbao ya kama 40, na kingo mbili za bati za 15 zitalala juu yake bila kupandana.

Feni ya nyuma inakaa kwenye kona iliyoachwa na L: kituo chake 290 kutoka chini na 60 kutoka ukingo wa upande wa pili. Tundu lenye kipenyo cha 90, mashimo manne ya 4.5 yakiwa yanapishana kwa 82.5. Mtu atauliza kwa nini tusiweke ya 120 kama ya mbele. Kwa upana wa ndani wa 200, sahani na soketi zinakula 71, na feni ya 120 ingeacha mbao ya milimita chache tu kati yake na soketi. Itapasuka siku ya kwanza ya kukaza bolti. Ukipata feni ya 80 badala ya 92 inafaa pia, mashimo yake yanapishana kwa 71.5.

Kabla ya kufunga bati la pawasapulai, ligeuze juu chini. Makasha ya zamani yaliweka pawasapulai juu, feni yake ikitazama chini. Yetu inakaa chini na feni itatazama juu, na kwa kuwa mashimo yake manne hayana ulinganifu, bati likiwekwa kama lilivyotoka skrubu moja itakataa. Kwa nini feni itazame juu? Kwa sababu sakafu za nyumba zetu hupigwa deki kila asubuhi. Kasha lenye matundu chini linavuta unyevu wa deki na vumbi la ufagio moja kwa moja. Ubao wa chini wa kasha hili hauna tundu hata moja.

Mbele

Matundu mawili yenye kipenyo cha 116, vituo vyake katikati ya upana, 170 na 300 kutoka ukingo wa chini. Mashimo ya bolti yanapishana kwa 105. Zile skrubu nene zinazokuja na feni ni za bati. Kwenye plaiwudi ya 12 hazifiki. Ndipo bolti za 45 zinapofanya kazi: feni 25, mbao 12, wavu, washa na nati. Kata washa za mpira kutoka kwenye tyubu, uziweke kati ya feni na mbao. Bila mpira, ubao wa mbele unakuwa kama ngozi ya ngoma, na mlio wa feni unaongezeka hata kama feni ni nzuri.

Hewa hutoka upande wenye yale mabawa manne yanayoshika mota. Feni za mbele mabawa yake yatazame ndani, ya nyuma yatazame nje. Feni mbili kubwa zinaingiza, moja ndogo inatoa, kwa hiyo ndani kuna hewa ya ziada inayosukumana kutoka kwenye kila upenyo. Vumbi haliingii kwa nyufa, linaingia kwa mlango mmoja tu, na mlango huo una wavu. Ukigeuza hesabu, ukatoa nyingi kuliko unayoingiza, kila ufa unakuwa mdomo.

Wavu wa dirisha ukate 190 kwa 290, ushikize mbele ya matundu kwa sumaku au vijifito, uweze kutoka bila bisibisi. Tabaka moja. Ukiweka mbili hewa inapungua na prosesa inapanda joto, na vumbi halipungui kiasi cha kufidia.

Mbele ya wavu ndipo pambo la mtiki: fito 13 zenye upana wa 8 na kina cha 15, urefu 424, zikiachana kwa 10. Fito 13 ni 104, nafasi 12 ni 120, jumla 224, ambayo ndiyo upana kamili wa kasha kwa nje. Zaidi ya nusu ya uso iko wazi. Tengeneza kigingi kimoja cha 10 kamili na ukitumie kupangia kila fito, usipime moja moja, maana makosa madogo hujumlishana na fito ya mwisho inatoka nje ya ukingo. Zishikize kwa nyuma na mataruma mawili ya unene wa 15, moja juu ya matundu na moja chini, ili kati ya fito na wavu kubaki nafasi ya hewa kupumua hata ukisukuma kasha karibu na pazia.

Kuunganisha

Kata vibonge vinane vya mbao, 20 kwa 20 kwa 40. Vinakaa kwenye pembe nane za ndani, vinashika kona na kupokea bavu. Nyuma kwa chini, vibonge viwili vinaacha 160 kati yao, na pawasapulai ya 150 inapita. Ukiweka vibonge vya 30 haitapita, na utagundua gundi imeshakauka.

Unganisha kwanza pete ya mbao nne: juu na chini zinafunika vichwa vya mbele na nyuma. Toboa kwa 2.5 kabla ya kila skrubu; plaiwudi ya 12 ikipigwa skrubu ukingoni bila shimo inafunguka matabaka. Paka gundi, funga skrubu tatu kila kiungo, kisha zungushia tyubu iliyokatwa ukanda na kuvutwa kwa nguvu, kama unavyofunga mzigo kwenye keria. Pima kwa mshazari kutoka kona hadi kona: pande zote mbili ziwe 546. Zikipishana zaidi ya 1, sukuma kona ndefu kabla gundi haijashika. Acha saa 24.

Ubavu wa kulia, ukilitazama kasha kwa mbele, funga kwa skrubu nane bila gundi. Wa kushoto ndio mlango: piga nati za makucha nyuma ya vibonge vinne, ufunge kwa bolti za 35. Usiridhike na skrubu za mbao kwenye mlango, kwani ukifungua mara kumi mashimo yanakuwa mapana na mlango unaanza kulia feni zikizunguka.

Toboa mashimo yote, piga msasa wote, fagia, pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, ndipo upake rangi. Kingo za plaiwudi zinakunywa maji kuliko uso, kwa hiyo uso vanishi mara mbili, kingo mara tatu au nne, ukipiga msasa wa 240 kati ya mikono. Ndani ya matundu ya feni na pengo la nyuma pia ni kingo, usizisahau. Wakati wa masika acha siku mbili kati ya mikono. Ukibandika kidole kikanata kidogo, bado.

Sahani inafungwa kwenye ubavu wa kulia kwa bolti nne za 45 zinazopita kwenye vipande vya mbao vya unene wa 20. Nafasi hiyo ya nyuma ya sahani ni ya nyaya. Bati la nyuma linafungwa kwa bolti sita za 20, la pawasapulai kwa nne. Kama utaongeza kipande chochote cha aluminiamu kutoka kwa mafundi wa madirisha, usikiache kigusane moja kwa moja na chuma. Hewa ya chumvi ikiingia kati yao aluminiamu inaliwa na kutoa unga mweupe. Weka kipande cha tyubu katikati, na bolti ziwe za stenlesi zilizopakwa grisi kidogo.

Ethi

Kasha la chuma linajiungia ethi, njia ya umeme kwenda ardhini, lenyewe: pawasapulai inagusa bati, bati linagusa sahani, sahani inagusa vijiguu vya shaba vinavyoinyanyua mazabodi juu yake, vijiguu vinagusa mazabodi. Mbao inakata mnyororo huo. Pawasapulai iko kwenye bati lake chini, sahani iko peke yake juu. Chukua ule waya wa kijani na njano, kichwa kimoja kwenye skrubu ya pawasapulai, kingine kwenye bolti ya sahani, na ukwangue rangi mpaka chuma king'ae pale vichwa vinapokaa. Kisha pima kwa mita ya umeme, plagi ikiwa nje ya ukuta: kutoka pini ya ethi ya plagi hadi sahani isomeke chini ya ohmu 1. Ikisoma zaidi, rangi haijakwanguliwa vizuri au bolti haijakazwa.

Na ukuta wenyewe? Nyumba nyingi za zamani zina soketi za pini tatu ambazo nyuma yake hakuna waya wa ethi. Dalili yake ni ule mtetemo mdogo kwenye vidole ukigusa chuma cha kompyuta ukiwa pekupeku. Ndani ya pawasapulai kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele, moja kutoka laini hadi chuma, nyingine kutoka nyutro hadi chuma, na ethi isipokuwepo zinakiacha chuma kikielea kwenye karibu nusu ya volti 230, yaani 115 hivi. Mkondo wake ni mdogo, lakini unatosha kuua soketi ya HDMI unapochomeka televisheni vyote vikiwa vimewashwa. Kasha lako halina kosa hapo, na waya wako wa ndani hautalitibu. Mwite fundi umeme aweke ethi, na usitumie kebo ya kurefushia yenye pini mbili. Pawasapulai yenyewe usiifungue kamwe, hata ikiwa nje ya umeme. Kapasita zake kubwa hukaa na chaji.

Kufunga kompyuta

Washa kwanza kila kitu mezani juu ya katoni, kabla hujakiingiza ndani. Tatizo likijitokeza baadaye utajua ni kasha.

Hesabu mashimo ya mazabodi yako, weka vijiguu vya shaba pale tu penye shimo. Kijiguu kimoja kilichosahaulika chini ya sehemu isiyo na shimo kinagusa njia za nyuma ya mazabodi na kompyuta haiwaki, au inawaka na kuzima baada ya sekunde moja. Hilo ndilo la kwanza kukagua mashine mpya ikikataa. Skrubu iingie mizunguko miwili kwa vidole bila nguvu. Ikigoma, uzi wake ni wa aina nyingine, maana kuna za 6-32 na kuna za M3, na sura zao zinafanana.

Pawasapulai ilaze juu ya vipande viwili vya tyubu. Feni yake inatazama juu, kwa hiyo skrubu itakayokuponyoka itaangukia humo. Ifunike kwa kadibodi mpaka umalize kazi.

Swichi ya mbele lazima iwe ya kubofya na kurudi yenyewe. Ile ya kasha bovu ndiyo bora. Ya kengele ya mlangoni nayo inafaa. Ya taa, inayobaki chini, haifai: mazabodi ikiona swichi imeshikiliwa zaidi ya sekunde nne inaamini unalazimisha izime. Kwenye mazabodi nyingi swichi inakwenda pini ya 6 na ya 8 za kiunganishi cha mbele, taa ya umeme ya 2 na ya 4, taa ya diski ya 1 na ya 3, na pini ya 10 haipo, ndiyo alama ya kujua uanzie wapi. Swichi haina chanya wala hasi. Taa zinazo, ikikataa kuwaka igeuze tu, haiungui.

SSD ya kawaida, yaani diski ya kuhifadhia, 100 kwa 70, funga kwenye ubao wa chini mbele ya pawasapulai. Nafasi za kadi zisizotumika zizibe zote na vifuniko vyake. Mende wanapenda joto, na mjusi akipita juu ya mazabodi iliyo na umeme, anakufa yeye na mazabodi pamoja.

Jaribio la udi

Funga mlango, washa kompyuta, uwashe kijiti cha udi. Kisogeze mbele ya fito, vidole viwili hivi kutoka kwenye mtiki. Moshi unatakiwa kuvutwa wote kama uzi, uingie katikati ya fito na kutoweka. Nenda nyuma: utoke kwa nguvu kwenye feni ya 92 na kwenye pawasapulai. Sasa pitisha kijiti taratibu kwenye mshono wa mlango, kuzunguka kasha zima. Moshi ukisukumwa nje kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Ukivutwa ndani mahali popote, feni moja ya mbele imegeuzwa, au wavu umeziba.

Kisha ipe prosesa kazi nzito kwa dakika 30 na uandike joto. Fungua mlango, rudia. Joto likishuka zaidi ya nyuzi 5 mlango ukiwa wazi, kasha linabana hewa: angalia nyaya zilizojazana nyuma ya feni za mbele, na kasha lisiegemee ukuta kwa nyuma, liachie 100 angalau. Likishuka nyuzi moja au mbili tu, funga mlango, kazi ni njema.

Wavu uoshwe kwa maji na sabuni kila wiki mbili wakati wa kaskazi, ukauke kabisa kabla ya kurudi. Baada ya masika ya kwanza fungua mlango na ukaze upya bolti zote za bati na za feni, kwa kuwa plaiwudi huvimba kidogo na kurudi. Pitisha kidole kwenye kingo za chuma ulizopaka redi oksaidi. Kidole kikitoka na unga wa kahawia, kwangua hapohapo, futa, upake tena.